Mama na Nyumba Yake: Maua ya Uani Yakae Mezani



Wako wasemao kwamba maua mezani ni mambo ya mjini na ya wenye fedha. Wengine hununua maua ya plastiki dukani, wakayaweka mbele ya picha ya Bikira Maria, na baada ya mwezi yamejaa vumbi, hakuna ayatazamaye tena. Lakini vikonyo vitatu vilivyokatwa uani pako na kutunzwa vema ni pambo kuliko shada zima la dukani. Havidai fedha. Vyadai maji kidogo na uangalifu.

“Maji nayo yatoke wapi?” utauliza. Swali lako ni la haki, mama. Kwetu Mpanda mvua huanza Novemba na kwisha Aprili. Toka Mei hadi Oktoba ni kiangazi, na ndoo hutoka mbali. Haifai kumrudisha binti kisimani kwa ajili ya maua. Basi maji uliyooshea mchele na mboga yamwage penye mashina ya maua, usiyamwage njiani. Chombo cha mezani chatosheka na kikombe kimoja au viwili, na maji hayo yakibadilishwa hurudi bustanini.

Tena chagua maua yavumiliayo jua. Zinia na marigoldi asili yake ni Meksiko, na bogenvilia imetoka Amerika ya Kusini. Yote yamezoea jua kali. Zinia huchanua kama miezi miwili baada ya kupandwa. Kwa hiyo ukitaka maua ya Pasaka, panda mbegu wiki mbili au tatu kabla ya Jumatano ya Majivu. Ukitaka ya Mei, mwezi wa Mama Maria, panda mwishoni mwa Februari. Oktoba, mwezi wa Rozari, ndio mgumu kwetu, kwa maana ardhi imekauka. Hapo itegemee bogenvilia, ambayo huchanua vizuri wakati wa ukavu.

Sasa tukate. Kata asubuhi na mapema kabla ya jua kuwa kali, au jioni likisha kupunga. Tumia kisu kikali, ukate mshazari ili kikonyo kipate nafasi kubwa ya kunywa. Chukua ndoo yenye maji hadi bustanini, utie kila ua mara likatwapo. Ondoa majani yote yatakayozama, kwa sababu huoza na kuziba vikonyo. Marigoldi yavuliwe karibu majani yote, maana harufu yake ni kali. Bogenvilia nayo ipunguzwe majani, la sivyo hunyauka upesi. Ua la haibiskasi hukaa siku moja tu, hata nje ya maji; lichume asubuhi ile ile ya sikukuu.

Chombo si lazima kiwe cha thamani. Chupa ya jamu iliyooshwa kwa sabuni yafaa sana. Chungu kidogo hupendeza zaidi, lakini huvujisha maji, basi weka kopo ndani yake. Tia vijiwe safi chini ili vikonyo visimame na chombo kisipinduke. Kikonyo kirefu kuliko vyote kiwe mara moja na nusu ya urefu wa chombo, nacho kikae katikati; vifupi vikae pembeni, na majani machache yafunike mdomo. Usiyasonge maua. Acha kila moja lionekane.

Katika lita moja ya maji tia kijiko kidogo cha sukari na kimoja cha maji ya ndimu. Sukari ni chakula cha ua, na ndimu huzuia uozo. Usiweke chombo juani wala karibu na ndizi mbivu, kwa sababu hewa itokayo katika matunda yaivayo huyanyausha maua haraka.

Yafuatayo yashike sana, maana ni ya afya ya watoto. Kwanza, badilisha maji kila baada ya siku mbili, ukisugua chombo. Mbu aenezaye homa ya dengi hutaga hata katika chombo kidogo cha maua, na kwa juma moja hivi mayai yamekwisha kuwa mbu warukao. Pili, usilete nyumbani oleanda, wala lile ua jekundu lenye manjano la porini ambalo hupanda juu kwa ncha za majani yake. Yote mawili yana sumu, na maji yaliyolowekwa oleanda ni sumu pia. Mtoto mwenye kiu hachagui chombo. Tatu, chupa ya dawa ya kupulizia tumbaku isifanywe chombo cha maua hata ikioshwa mara kumi. Mtoto akizoea kuiona mezani, ataizoea na shambani.

Wale wapambao kanisa wakumbuke utaratibu wa Misa. Katika Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa Dominika ya nne, na katika sherehe na sikukuu. Wakati wa Majilio yawe kwa kiasi. Maua huwekwa kando ya altare, si juu ya meza yake.

Mwisho, kazi hii usiifanye peke yako. Mpe mtoto mmoja zamu ya kukata na mwingine zamu ya kubadilisha maji, mvulana na msichana sawasawa. Mtoto aliyelipanda ua, akalimwagilia kwa maji ya mchele na kuliweka mwenyewe mbele ya msalaba wa nyumbani, hatalikanyaga la jirani. Baba naye akirudi shambani amechoka, ataona kwamba nyumba yake imemngojea.