Neno kwa Wasemao “Nilikuwa na Nia”

Kuna neno ambalo hapa kwetu Kaoze, na kule juu uwandani Sumbawanga, limekuwa kama sarafu mbovu: kila mtu hulitoa, wala hakuna alikataaye. Neno lenyewe ni nia. Paa la shule halikuezekwa, mzee wa kamati asema, “Tulikuwa na nia.” Deni la mbegu halikulipwa, mdaiwa asema, “Nia ninayo.” Moto umeteketeza ghala la jirani, aliyeuwasha asema, “Sikuwa na nia mbaya.” Nasi tukilisikia neno hilo twanyamaza, kana kwamba shauri limekwisha. Sisi twasema kwamba hapo ndipo shauri linapoanza.

Watu hao wote hudhani ya kuwa nia ni kitu kilichofungiwa tumboni, na ufunguo anao mwenyewe peke yake. Akisema imo, imo. Akisema haimo, haimo. Wala asiulizwe na mtu. Lakini tazameni ajabu yake. Mtu yule yule asiyetaka kuulizwa nia yake, siku mtoto wake akiugua, mara huiona waziwazi nia ya bibi kizee wa nyumba ya tatu! Ya kwake imefichika hata kwa hakimu, bali ya jirani aiona kama tuionavyo Rukwa tusimamapo ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa asubuhi isiyo na ukungu. Basi na achague moja. Ama nia za watu hazionekani, naye aache kumshitaki jirani. Ama zaonekana, naye akubali kuonekana ya kwake.

Sisi twashika kwamba zaonekana, nasi tulifundishwa hayo na wakulima kabla ya kufundishwa na vitabu. Wafipa wa uwandani tangu zamani hulima kwa matuta, nayo huitwa ntumba. Ardhi ingali na unyevu wa masika, mtu hukwatua majani na kuyafukia katika matuta ya mviringo, yaoze humo ndani. Mvua za msimu wa pili zikija, matuta huvunjwa, udongo hutawanywa, ndipo ulezi hupandwa. Sasa mpita njia akimkuta mtu ameinama na jembe akamwuliza, “Mbona wafukia majani?” atajibiwa, “Nataka ulezi mwakani.” Mpita njia hakumpasua mtu tumbo ili ajue. Jembe, majani, majira, na lile jibu lenyewe, vyote vyaelekea upande mmoja. Na kuelekea huko ndiko tunakokuita nia. Mwingine akiketi kivulini wakati ule ule akasema kwamba naye ana nia ya ulezi, hali hakufukia hata jani moja wala hakumtuma mtu kumfukilia, huyo hana nia. Ana hamu. Hamu si dhambi, lakini haioti.

Yamkini mtu atatupinga, “Je, aliyezuiliwa? Aliyeugua, au aliyekuta mto umejaa?” Ni neno la haki. Kutotimia si dalili kwamba nia haikuwako. Walakini aliyezuiliwa kweli aweza kutuonyesha mahali njia yake ilipokatika. Nyayo zake zaonekana hata ukingo wa mto. Methali isemayo penye nia pana njia, wavivu huisoma kana kwamba njia hujifyeka yenyewe.

Na tumgeukie mwenye moto. Alichoma majani ya shamba lake mwezi wa Septemba, siku ya upepo, na ghala la mwenziwe li karibu. Asema hakukusudia kuliunguza. Twamsadiki, maana ghala lingenusurika asingeona haja yake imepotea. Lakini alijua upepo wavumia wapi, naye akawasha. Kutokukusudia hakumwondolei alichokijua. Hata sheria ya nchi yetu haimwachi apite hapo. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 200, zaeleza nia ovu ambayo kwayo kuua huhesabiwa kuwa kuua kwa kukusudia. Humo hamna yule tu aliyetaka mtu afe. Yumo pia aliyejua kwamba tendo lake yamkini litaleta kifo akalitenda, ingawa hakujali, ingawa hata alitamani moyoni kifo kisitokee. Someni tena maneno hayo ya mwisho, ninyi mnaojitetea kwa matamanio ya moyo.

Nje ya nchi yetu pia neno hili limegombewa. Elizabeth Anscombe, mama Mkatoliki aliyefundisha falsafa huko Oxford, Uingereza, alitoa mwaka 1957 kitabu kizima juu ya nia. Mwaka 1956 chuo chake kilikuwa kimeazimia kumpa heshima Truman, aliyekuwa rais wa Marekani, ambaye kwa amri yake mabomu yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Mama huyo alisimama akapinga. Waliomtetea Truman walisema kwamba alitaka vita vikome na watu wengi waokoke. Yeye akajibu kwamba mtu akichagua kuwaua wasio na hatia iwe njia ya kupata haja yake, kuua huko kumo ndani ya nia yake, haja hata ikiwa njema namna gani. Alishindwa, na heshima ilitolewa. Sisi twaona hoja haikushindwa.

Sasa twafika penye uchungu. Husemwa kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni “tupa uchawi.” Katika miaka ya 1930 walipita katika nchi hizi za kusini watu wa mchape na dawa yao ya kuwasafisha wachawi, tena mwaka 1963 na 1964, nchi imekwisha kujitawala, wakaja Ufipa vijana wa Kamchape, wakichimbua pembe katika nyumba za wazee. Sheria ya Uchawi ilikuwako tangu 1928. Dawa zilikuja, dawa zilikwisha, na namna ya kuwaza ikabaki ile ile: mtoto amekufa, fulani alikuwa na hasira, basi fulani alikusudia. Njia ya kutoka kwenye hasira mpaka kwenye kifo i wapi? Tendo liko wapi? Mwenye matuta tulimwona na jembe. Huyu tumemwona na nini? Kukasirika si kukusudia. Hata kumtakia mtu mabaya ni kutaka tu, jambo la kuungama, si la kuchomewa nyumba.

Hatusemi hayo kama watu wasio na lawama. Tulipokuwa tukifundisha katika kijiji kimoja cha uwandani, mtoto alikufa kwa homa. Siku chache kabla yake mama ya mtoto na mjane jirani yake waligombana kwa ajili ya mbuzi aliyekula maharage, na yule mjane akasema, “Utaona.” Neno hilo moja likawa ushahidi wote. Sisi waalimu tulipatana kwamba jioni twende tukaketi mlangoni pake, watu watuone. Jioni ile palikuwa na madaftari ya kusahihisha. Jioni ya pili mvua ilinyesha, si nyingi. Jioni ya tatu mmoja wetu alisema kwamba labda ni afadhali mambo yapoe kwanza. Asubuhi ya nne mlango wake ulikuwa wazi, majivu ya jikoni yamepoa, naye hayupo; wala hatukupata kujua alikokwenda.

Kwa muda mrefu tuliambiana, “Tulikuwa na nia ya kumsaidia.” Leo twakataa kulisema. Hakuna mto uliotuzuia. Mtu akituuliza, “Mbona hamkwenda?” hatuna jibu ila kwamba tuliogopa kuchukiwa na wazee wa kijiji. Basi nia tuliyokuwa nayo ilikuwa kukaa kwa amani na wazee hao, na hiyo tuliitimiza jioni zote tatu bila kukosa.

Yeye nia yake ilikuwa nyuma ya nyumba, na sote tulikuwa tukiipita kila siku kwenda kisimani: matuta kumi na manne, mapya, majani yake hayajaoza bado. Mtu aliyefukia majani yale alikuwa akitaka kula ulezi pale pale mwaka unaofuata, pamoja na majirani wale wale. Mvua zilipokuja mtu mwingine aliyavunja akapanda, na ulezi ukastawi sana.