BARAZA LA MAALIM: Kalamu ya Rais na Majaji 41



Ndugu wasomaji, Ijumaa moja baada ya sala kijana wetu mmoja aliniuliza: "Maalim, Rais si ndiye mkubwa wa nchi? Vipi mahakama imwamrishe nani wa kumteua?" Swali ni jema, na jawabu lake limo katika kisa cha Kenya, ambako wengi wetu tumeacha viwanja, mashamba na mirathi.

Julai 2019, Tume ya Huduma za Mahakama ilimpelekea Rais Uhuru Kenyatta majina 41 ya watu iliowapendekeza kuwa majaji: 11 wa Mahakama ya Rufaa, 20 wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na 10 wa mahakama ya migogoro ya kazi. Rais hakuwateua. Upande wa Serikali ulidai kwamba zilikuwepo taarifa za siri zilizotia shaka uadilifu wa baadhi yao. Februari 2020, Mahakama Kuu ilihukumu kwamba Kifungu cha 166 cha Katiba ya 2010 hakimpi Rais ruhusa ya kuchuja majina hayo; Tume ikishapendekeza, wajibu wake ni kuteua. Hukumu hiyo haikutekelezwa, hata Juni 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamlaumu Rais hadharani. Juni 2021 waliteuliwa 34. Mmoja alikuwa amekwisha kufariki, na sita wakaachwa.

Yuko atakayesema: je, Rais akimjua mtu kuwa ni mla rushwa, atie sahihi tu? La. Lakini kila jambo lina mlango wake. Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni mjumbe wa Tume hiyo, na wajumbe wawili wanaowakilisha umma huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge. Mwenye ushahidi aupeleke huko kabla majina hayajapitishwa, na mtuhumiwa apate kujitetea. Na baada ya uteuzi, Kifungu cha 168 kinamruhusu mtu yeyote kuiomba Tume imwondoe jaji mwovu. Tena wanne kati ya wale sita walikuwa tayari majaji wa Mahakama Kuu, wakaendelea kuhukumu. Ikiwa hawakufaa kupandishwa, walifaaje kubaki?

Kadhi anayefungisha nikaha hamchagulii bwana harusi mke. Akisikia kizuizi, hukitaja mbele ya wahusika. Hanyamazi akaondoka na daftari, watu wakabaki ukumbini miaka miwili.

Na waliobaki ukumbini si majaji peke yao. Ni mjane anayedai shamba la marehemu mumewe, ni mfanyakazi aliyefukuzwa bila haki, na ni sisi tuliotuma fedha za kununua kiwanja kisha tukaambiwa kina hati mbili. Kila kiti cha jaji kilichokaa kitupu kilirefusha ngoja yao.

Wale sita waliteuliwa Septemba 2022 na Rais William Ruto, mara tu aliposhika madaraka. Wengi walimsifu. Lakini Julai 2023, Mahakama Kuu ilibatilisha uteuzi wa mawaziri wasaidizi 50 aliouteua yeye huyo huyo. Kwa hiyo tusiipime sheria kwa kumpenda huyu au kumchukia yule. Wa kwanza alizuiwa kukataa asichoruhusiwa kukataa. Wa pili alizuiwa kutoa asichoruhusiwa kutoa.

Nilimjibu kijana wetu hivi: Rais ni mkubwa, naam, lakini kalamu ile si yake. Ni amana aliyokabidhiwa na wananchi pamoja na masharti yake, na mwenye kukabidhiwa amana huulizwa. Leo anaulizwa na mahakama. Kesho ataulizwa na Asiyehitaji shahidi.

Wabillahi tawfiq.