Karen Haijilipii

Mazungumzo ya Nairobi yakigeukia mitaa ya wenye nazo, hapakosi mtu wa kusema kwamba Karen haimsumbui mtu. Wana visima vyao, wana walinzi wao, wana jenereta zao, na takataka zao huzolewa na kampuni wanazozilipa kwa pesa zao. Asemaye hivyo huongeza, bila kuulizwa, kwamba watu wa mtaa wa mabanda wa Kibera nao wangejipanga wangeishi vizuri. Nimeyasikia haya kwa mawakili na kwa madereva wa teksi. Nimeyasikia hata kwa watu wanaolala Kibera na kuamka saa kumi za usiku waende kupiga deki nyumba za Karen, na hao ndio walioniuma zaidi. Imani hii ni ya uongo, na uongo wake una gharama kwa jiji zima.

Mzizi wake uko kwenye ardhi. Karen na Kibera ni majirani, zote mbili zikiegemea barabara moja ya Ngong. Upande wa Karen, miaka mia moja iliyopita, kulikuwa na shamba la Karen Coffee Company, ekari zipatazo 6,000, lililosimamiwa na Karen Blixen, mwanamke wa Kidenmark aliyekuja kuwa mwandishi maarufu. Kahawa ilichukua ekari 600 hivi, na haikustawi, kwa sababu pale ni juu mno kwa zao hilo. Familia za Wakikuyu zilizoishi humo ziliitwa maskwota. Walilima vipande vyao kwa sharti la kumtumikia mwenye shamba. Sheria ya mwaka 1918 iliyahesabu masharti hayo kuwa siku 180 kwa mwaka. Kampuni ilifilisika, na mwaka 1931 Blixen akarudi kwao. Shamba lilinunuliwa na mfanyabiashara, akalikata viwanja vya makazi ya Wazungu. Maskwota walitakiwa kuondoka. Ilibidi Blixen abishe hodi serikalini mlango hadi mlango ndipo wakapewa mahali pa kuhamia pamoja, katika ardhi ya msitu upande wa Dagoretti. Waliolima wakaondoka, hatimiliki zikabaki na viwanja.

Sasa njoo Kibera. Mwaka huohuo wa 1918 serikali ya kikoloni ilitenga ekari zaidi ya 4,000 kwa ajili ya askari Wanubi, watu wenye asili ya Sudan waliopigana katika jeshi la King's African Rifles. Walipewa ruhusa ya kukaa, hawakupewa hatimiliki. Walijenga, walilima, waliswali, walizika wazazi wao hapo. Kila muongo serikali ilimega kipande, mara mtaa mpya wa nyumba, mara barabara, na watu wengine wengi wakaja kutafuta pa kulala karibu na kazi. Wanubi walipokabidhiwa hatimiliki ya jumuiya mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288.

Nani basi hakujipanga? Askari aliyepigania himaya na kujenga nyumba yake mwenyewe, au mnunuzi wa kiwanja aliyekuta kimepimwa, kimesajiliwa na kusafishwa watu kabla hajafika? Tofauti ya mitaa hii miwili ilianza na karatasi moja, iliyotolewa huku na kunyimwa kule. Karatasi hiyo ndiyo anayoikubali meneja wa benki. Ndiyo inayorithiwa na mtoto, kisha mjukuu, ikipanda thamani kila mwaka bila mwenyewe kuinua jembe.

Na ndiyo inayosimamisha tingatinga. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya kuunganisha barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata. Maelfu walipoteza nyumba, na shule zikabomolewa, huku mpango wa kuwahamishia watu kwingine ukiwa haujakamilika. Kifungu cha 40 cha Katiba yetu kinasema ardhi ya mtu ikichukuliwa kwa manufaa ya umma ni lazima alipwe fidia ya haki, kamili, upesi. Kwa aliyekalia ardhi kwa nia njema lakini hana hatimiliki, kifungu hichohicho kinasema fidia inaweza kutolewa. Kwa mmoja ni lazima, kwa mwingine huenda. Barabara ile ilijengwa ili magari yapite haraka, na wengi wa waliovunjiwa hawana gari.

Halafu kuna hili la kujilipia. Hadi mwaka 1963 Karen ilikuwa nje ya mipaka ya Nairobi. Wakazi wake walifanya kazi na biashara jijini, viwanja vyao vikiwa nje. Mipaka ilipopanuliwa mwaka ule wakawa wakazi wa jiji, na ungetarajia kodi ya ardhi iwaguse sawasawa na utajiri wao. Haikuwa hivyo. Kwa takriban miaka 40 kodi ya ardhi ya Nairobi ilitozwa kwa thamani za mwaka 1982. Wakati huo wote bei ya ekari Karen ilipanda kupita kimo cha mshahara wa mwalimu, wa muuguzi, wa karani, na kitabu cha thamani kikabaki palepale. Tena kodi hiyo hukadiriwa kwa ardhi tupu, jengo halihesabiwi: jumba la kifahari na kibanda cha mbao vikiwa kwenye viwanja vya thamani moja vinalipa sawa. Thamani mpya zilianza kutumika mwaka 2023 tu. Piga hesabu ya pesa ambazo hazikuingia katika miaka hiyo, kisha tembea katika mitaa isiyo na mabomba ya majitaka.

Watetezi wa Karen watanikumbusha miaka ya 1990, chama cha wakazi wa Karen na Lang'ata kilipoipeleka halmashauri ya jiji mahakamani, kikitaka kodi zao zisiifikie hadi huduma zionekane. Haki yao nawapa. Halmashauri ile ilikuwa imeoza, na kuidai hesabu ulikuwa ujasiri ambao mitaa mingi haikuwa nao. Lakini tazama walichokuwa nacho mkononi: kodi ya kuzuia, na wakili wa kumlipa. Mama wa Kibera anayenunua maji kwa mtungi hana cha kuzuia. Akikataa kulipa, watoto wake hawanywi.

Hayo maji nayo tuyapigie hesabu. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi tano, maji ya mita moja ya ujazo yanamgharimu mama yule shilingi 250. Siku za ukame mtungi hupanda maradufu na zaidi. Huyo ndiye anayejilipia katika jiji hili. Analipia choo kila anapoingia, na kijana wa kumzolea taka humlipa pia kutoka mfukoni mwake. Hakuna anayemsifu kwa kujitegemea.

Na visima vya Karen? Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema rasilimali zote za maji zimo mikononi mwa serikali kuu kwa niaba ya wananchi. Aliyechimba mita mia mbili chini ya bustani yake amefikia hazina ya wote, na maji ya ardhini ya Nairobi yamekuwa yakishuka kadiri visima vinavyoongezeka. Mwenye pesa huchimba zaidi. Asiye nazo hungoja mfereji, ambao nao hutegemea mabwawa ya milimani kama Ndakaini, huko Murang'a, mbali na jiji. Mtu kumwagilia nyasi kwa maji ya chini ya ardhi wakati wa mgao, kisha sisi kuambiwa huyu hamsumbui mtu, ni jambo ninaloshindwa kulivumilia.

Sijafika kwa watu. Alfajiri wako kwenye barabara ya Ngong, wengine kwa matatu, wengine kwa miguu kuokoa nauli: yaya, mpishi, mtunza bustani, askari wa lango. Hao ndio utulivu wa Karen. Ua wa kayaba haujikati, na lango halijifungui usiku wa manane. Mwaka 2024 mamlaka ya kusimamia ulinzi wa binafsi ilitangaza kwamba askari wa Nairobi alipwe angalau shilingi 30,000 kwa mwezi. Kampuni za ulinzi zikalipinga agizo hilo na likaishia mahakamani. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba wateja hawatamudu. Wateja wepi? Baadhi yao wanaishi kwenye ekari nzima ndani ya jiji lenye watu zaidi ya milioni nne. Kama usalama wako unategemea mtu asiyeweza kulipia karo kwa anachopata kwako, wewe hujilipii. Familia yake ndiyo inayokulipia.

Mtu huyo angependa kukaa karibu na kazi, hawezi. Kanuni za ujenzi za Karen zimelinda viwanja vikubwa, nusu ekari na zaidi, kwa sababu zinazotajwa kuwa za mazingira na za majitaka. Miti ni mizuri, nami naipenda. Ila kanuni ile haikuwaondoa wafanyakazi Karen. Iliwasukuma tu pasipoonekana: wengine vyumba vya nyuma ya jumba la mwajiri, wengine Kuwinda, kijiji cha mabati kilichomo ndani ya Karen yenyewe, na wengine Kibera. Mtaa unaohitaji kazi ya maskini kila siku, na usioruhusu nyumba ambayo maskini angeweza kuilipia, umeamua wenyewe kwamba lazima kuwe na mabanda mahali fulani. Kisha unayalaumu mabanda.

Sisemi watu wa Karen ni wabaya. Wengi walinunua kwa jasho, wengine kwa mikopo ya miaka mingi, na sheria ndiyo iliyowapangia bei ya kile wanachokula bure. Sheria hubadilishwa. Kitabu cha thamani za ardhi kifunguliwe upya kila baada ya miaka michache, kisilale tena miongo minne, na jumba lihesabiwe pamoja na kiwanja. Kila kisima kiwe na mita, na anayechota kwa nyasi na bwawa la kuogelea alipe zaidi ya anayechota kwa kunywa. Nyumba za bei nafuu ziruhusiwe Karen, zikiwa na mfumo wa majitaka uliojengwa kwa kodi hiyohiyo. Mishahara ya walinzi na yaya ikaguliwe mtaani na maofisa wa kazi, mlango kwa mlango, kama vile askari wa kaunti wanavyowakagua wachuuzi wa nguo karibu na soko la Toi. Kila mwaka kaunti huwaita wananchi watoe maoni kuhusu mswada wake wa fedha. Chama cha wakazi wa Karen kinaweza kupeleka maoni yake yakiwa yameandikwa na wakili. Safari hii Kibera, Kuwinda na walinzi wa lango nao wapeleke ya kwao, yakiwa na takwimu za bei ya mtungi mmoja wa maji.