Lami Ile Ile, Bei Tatu

Mwandishi aliyetetea ada ya maegesho ya usiku katika hoteli za viwanja vya burudani anasema ni haki tupu: mwenye gari alipe, asiye nalo asibebeshwe mzigo wa mwenzake. Hoja tamu, ila aipeleke Florida tuone.

Walt Disney World ilifunguliwa mwaka 1971, na kwa miongo minne na ushei mgeni wa hotelini aliegesha gari lake bure. Machi 2018 ada ikaanza: dola 13 kwa usiku katika hoteli za bei nafuu, 19 katika za daraja la kati, 24 katika za kifahari. Gari ni lile lile, mistari myeupe ni ile ile, na usukani anaukata mgeni mwenyewe. Kama kilicholipiwa kilikuwa lami, mbona ilipanda bei kila hoteli ilipopanda daraja? Hapo hakuna aliyepima gharama; kilichopimwa ni mfuko wa mgeni.

Na huyo asiye na gari anayeonewa huruma? Basi la bure la kumtoa uwanja wa ndege wa Orlando, Magical Express, lilifutwa mwanzoni mwa 2022. Aliyekuja na gari alilipia kuegesha. Asiyekuja nalo, nauli juu yake. Hili mwandishi kalipita kimya.

Januari 2023 kampuni yenyewe ikaifuta ada. Ikiwa kweli ilikuwa ngao ya wasio na magari, basi siku ile walidhulumiwa. Mbona mtetezi wao hakupiga kelele?