Kikundi Chenu Kinahitaji Mwezeshaji, Sio Msemaji



Mikopo ya halmashauri ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudi 2024. Tangu hapo vikundi vya vijana vimekuwa vingi: vya kahawa, migomba, vanila, parachichi, kuku, mboga. Hilo ni jambo zuri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) haina riba, na kijana anaipata kupitia kikundi. Lakini kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo huwa kinaanza kuyumba siku fedha inapoingia. Watu wanasema tatizo ni mtaji mdogo, au bei, au mvua. Mimi nasema mara nyingi tatizo linaanzia kwenye kikao. Hakuna mtu anayejua kuendesha mazungumzo ya kikundi, na kazi hiyo amepewa yule anayeongea sana.

Leo nataka tuzungumzie mtu huyo: mwezeshaji.

Mwezeshaji sio mwenyekiti, wala sio mtaalamu

Mwenyekiti anasimamia katiba na maamuzi. Katibu anaandika. Mhazini anatunza fedha. Mtaalamu, kama bwana shamba au bibi shamba, anakuja na ujuzi wake kisha anaondoka. Mwezeshaji kazi yake ni nyingine kabisa. Anawasaidia wanakikundi waone jambo, walijadili, waamue wenyewe na kutekeleza. Anaweza kuwa mwenyekiti huyohuyo, lakini akivaa kofia ya uwezeshaji inabidi aivue ile ya ukubwa kwa muda.

Tunapochagua, tunamtafuta mwenye maneno, aliyesoma kuliko wengine, au mwenye pikipiki. Hizo sio sifa mbaya, ila hazitoshi. Mtu anaweza kuongea wee saa nzima, wote wakapiga makofi, na wiki ijayo hakuna hata mmoja aliyefanya kitu shambani.

Tulijifunza hili kwenye shamba darasa

Wengi mnalijua jina la shamba darasa, pengine hata wazazi wenu walishiriki. Njia hii ilianzia Indonesia mwaka 1989, kwenye mpunga. Wakulima kule walikuwa wanapuliza dawa kwa kufuata kalenda, dawa ikaua hata wadudu rafiki, na wadudu waharibifu wakazidi. Badala ya kuwapa wakulima amri mpya, wawezeshaji waliwapeleka shambani kila wiki waangalie wenyewe: mdudu gani anakula mmea, na mdudu gani anamla huyo mdudu. Mwaka 1999 FAO na IFAD walianza mradi wa majaribio wa shamba darasa Kenya, Uganda na Tanzania, na mkoa wetu wa Kagera ulikuwamo. Utafiti uliofanywa baadaye kwenye nchi hizo tatu ulionyesha kwamba waliofaidika hasa ni pamoja na wanawake na watu wenye elimu ndogo ya darasani.

Jiulize kwa nini. Kwenye mkutano wa kawaida, asiyejua kusoma vizuri anakaa nyuma na kunyamaza. Kwenye shamba darasa mnaingia shambani kwa makundi madogo, mnahesabu majani, mnatafuta wadudu, mnachora mlichokiona kwenye karatasi kubwa, kisha kila kundi linaeleza mbele ya wenzake. Mwenye macho mazuri na kumbukumbu ya shamba anakuwa sawa na mwenye cheti. Mwezeshaji akiulizwa "huyu ni mdudu gani?" hakimbilii kutaja jina. Anauliza: "Umemkuta wapi? Alikuwa anafanya nini? Walikuwa wangapi?" Inachosha mwanzoni, lakini mkulima aliyezoea maswali hayo anaweza kukagua shamba lake hata siku ambayo bwana shamba hayupo. Na mnajua sisi maafisa ugani tulivyo wachache.

Mnyauko umetupima wote

Kama kuna jambo linaloonyesha thamani ya mwezeshaji mzuri hapa kwetu, ni mnyauko wa migomba, ule wengi wanaouita unyanjano. Ulionekana Uganda mwaka 2001, na kwa Tanzania uligunduliwa mwaka 2006 hapahapa wilayani Muleba. Bakteria wake hawana dawa ya kuwatibu. Wanasafiri kwa panga, kwa wadudu wanaotembelea ua dume, na kwa machipukizi yaliyotolewa kwenye shamba lenye ugonjwa. Maana yake, kibanja chako kinaweza kuwa safi kabisa leo na mwezi ujao kikaingiliwa kwa sababu ya kibanja cha jirani.

Ushauri wa mwanzo ulikuwa mgumu: kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake yote. Wakulima wengi walisita. Aliyekuwa anatoa amri tu aliwaona wabishi. Aliyekaa akawasikiliza alielewa: kibanja ni chakula cha nyumbani, ni urithi, na ndipo walipozikwa wazee wetu. Huwezi kumwambia mzee afyeke kibanja chake kama anavyofyeka majani ya rweya. Baadaye utafiti wa Uganda na mashariki mwa Kongo ulionyesha kwamba bakteria hawafiki kwenye machipukizi yote ya shina, hivyo unaweza kukata ule mgomba mmoja ulioonyesha dalili, usawa wa ardhi, na kurudia kila unapoona mwingine. Ni rahisi zaidi, lakini unahitaji kila jirani akague kila wiki, asafishe panga kwa moto au dawa ya klorini, na aondoe ua dume mapema kwa kijiti chenye panda. Sheria ya kijiji peke yake haiwezi kufanya hivyo. Hakuna mgambo wa kusimama kwenye kila kibanja. Ni makubaliano ya watu waliokaa, wakaelewana na wakaaminiana.

Hapo ndipo anahitajika mwezeshaji. Basi, mtu huyo awe na nini?

1. Ajue kuuliza na kunyamaza. Kuuliza swali ni rahisi. Kusubiri jibu ndiyo kazi. Wengi wetu tukiuliza, sekunde tatu zikipita kimya, tunajijibu wenyewe. Kimya cha kikao sio ujinga, ni watu wanafikiri. Na swali liwe la wazi. "Mmeelewa?" sio swali, kila mtu atasema ndiyo. Uliza, "Kesho asubuhi ukifika kibanjani, utaanza na nini?"

2. Awatafute wasioongea. Nani anakuwa wa kwanza kujua kwamba ndizi imeharibika ndani, ina madoa ya kahawia? Mara nyingi ni mama anayeimenya jikoni. Sasa kama kwenye kikao chenu akina mama wanakaa pembeni na wanaume ndio wanajadili ugonjwa, mmemwacha nje shahidi wa kwanza. Mwezeshaji mzuri anagawa makundi madogo, akina mama wakae wenyewe kwanza, vijana wenyewe, halafu kila kundi lilete lake. Hamlazimishi mtu aongee mbele ya mkwe wake.

3. Awe na heshima kwa wazee bila kuwaogopa. Ninyi ni vijana, mara nyingi mnalima ardhi ya familia. Ukimwambia mzee mbele ya watu "hiyo njia yako imepitwa na wakati", umemaliza kikao. Msalimie anavyostahili, muulize zamani walifanyaje, mshukuru, kisha sema: "Mzee, tujaribu njia zote mbili kwenye mistari miwili, tuone." Hapo hamjabishana, shamba ndilo litakaloamua. Hata yeye akishindwa, hajaaibika.

4. Atafute chanzo kabla ya kuhukumu. Chukua mfano wa butura. Kikundi kimekubaliana kuuza kahawa pamoja kupitia AMCOS, halafu mwenzenu mmoja anauza kahawa yake ikiwa bado changa mtini, kwa bei ya kutupa. Butura inakatazwa na wote wanajua. Kikao kinawaka moto: afukuzwe! Mwezeshaji anauliza, "Nini kilikusukuma?" Labda ilikuwa Januari, watoto wanatakiwa shule, na kahawa bado miezi kadhaa. Mkimfukuza, Januari ijayo atakuwa mwingine. Mkikubaliana kuweka mfuko mdogo wa dharura, mmegusa chanzo chenyewe. Adhabu inaweza kuwepo kama katiba inasema hivyo, lakini ije baada ya kuelewa.

5. Fedha yake na ya kikundi zisikutane. Sizungumzii wizi tu. Mwezeshaji anayeuza pembejeo kwa wanakikundi, au mwenye kamisheni ya mnunuzi fulani, aseme mapema mbele ya wote. Akificha, siku ikijulikana hata ushauri wake mzuri utaonekana ni dili. Na hesabu zisomwe kwa sauti kila kikao, kwa lugha ambayo kila mtu anaelewa, Kiswahili au Kihaya.

6. Aweze kusema "sijui". Mjuaji wa kila kitu ni hatari kuliko asiyejua. "Sijui, nitamuuliza bwana shamba, au tuwaulize watafiti wa TARI Maruku, niwaletee jibu Alhamisi." Halafu Alhamisi alete kweli. Kutimiza ahadi ndogo kama hiyo kunajenga imani kuliko hotuba kumi.

"Lakini bwana shamba, sisi ni wa biashara"

Najua wengine mnasema hizi ni njia za polepole, ninyi mnataka faida, muda ni fedha. Nawaelewa. Na ni kweli yapo mambo ambayo mwezeshaji hatakiwi kuuliza uliza. Kipimo cha kiuatilifu hakipigiwi kura, kinasomwa kwenye lebo. Tarehe ya mwisho ya kurudisha mkopo haijadiliwi. Mtu akitaka kupuliza dawa bila kujikinga, mzuie hapohapo. Mwezeshaji anayejificha nyuma ya "wanakikundi waamue" wakati kuna hatari, anakwepa kazi yake.

Lakini mengine yote yanayokula faida ya kikundi chenu ni ya kuelewana: nani amwagilie lini, kahawa mbichi iliyoanuliwa kabla ya kukauka ichanganywe na ya wenzake au ikataliwe, nani abebe deni la aliyehama. Mnunuzi hanunui maelezo, ananunua mzigo wenye ubora mmoja. Mtu mmoja akianika chini, mzigo wa wote unashushwa. Maamuzi ya haraka ambayo nusu ya watu hawakuyakubali mtayalipia wakati wa mavuno, na wakati huo gharama inakuwa kubwa zaidi. Saa mbili za mjadala mwezi wa pili ni nafuu kuliko mzigo uliokataliwa mwezi wa saba.

Mtampataje?

Msimchague siku ya kwanza. Fanyeni vikao vitatu, kila kimoja kiongozwe na mtu tofauti, mwanamke awemo. Mpeni mmoja wenu kazi ya kuweka alama kwenye daftari kila mtu anapoongea. Mwisho wa kikao angalieni daftari. Kama nusu ya alama ni za anayeongoza, huyo ni msemaji. Kama alama zimesambaa hadi kwa yule dada anayekaa karibu na mlango, mmeanza kumpata mwezeshaji. Kisha wiki inayofuata angalieni shambani: lililokubaliwa limefanyika?

Halafu kuna kipimo cha mwisho, na mimi ndicho ninachokiamini zaidi. Siku moja asiende kikaoni kwa makusudi. Kama watu wamekusanyika, wamekagua shamba, wamesoma hesabu na kugawana kazi bila yeye, amefanya kazi yake. Kama wamekaa wakimsubiri mpaka jua likazama, basi kikundi hakijajifunza kitu, hata kama yeye anapendwa namna gani.

Sifa nyingi kati ya hizi mtu hazaliwi nazo. Kuuliza vizuri, kunyamaza na kusoma hesabu kwa uwazi vinafundishika kwa mazoezi. Kwa hiyo usiseme "mimi sina kipaji". Anza na kikao chenu cha wiki hii: andaa maswali matatu, mengine waachie wenzako.