Mazoezi ya programu: tusitunge maswali tu, tusome na majibu

Ni siku nyingi sijaandika, lakini sababu ni nzuri. Mimi na wenzangu wanne tumefungua mazoezi ya bure ya kutunga programu kwa wanaoanza. Hakuna ada, hakuna cheti, na hakuna anayelipwa. Mchana kila mtu yuko kazini kwake. Jioni na Jumamosi ndipo tunaposhughulikia mazoezi.

Leo lakini sikuja kupiga debe. Nina maoni ambayo wenzangu wawili wanayapinga, na nataka niyaweke wazi: kazi kubwa ya anayejitolea si kutunga maswali. Ni kusoma majibu.

Nianze na kilichonisukuma. Chuo kikuu nilisomea sayansi ya tarakilishi miaka minne. Mitihani ya programu tuliifanya kwa kalamu na karatasi. Ukisahau nukta-mkato, alama imekwenda. Nilipopata kazi ya kwanza nikagundua kwamba nadharia ninayo, ila sijazoea kukaa na programu iliyokataa kufanya kazi hadi niipate hitilafu. Nilichokosa ni mazoezi, tena mengi, na mtu wa kuniambia nimekosea wapi.

Siku hizi masomo yamejaa kwenye intaneti. Hata KICD iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022. Kwa hivyo wanaotaka kujifunza wapo. Swali ni nani atakayeangalia kazi yao.

Sisi tulipoanza tulifanya lililo rahisi. Tulishindana kutunga maswali. Kwa wiki tatu tukawa na maswali 60, na mtambo wa kuyasahihisha wenyewe bila mtu. Unatuma programu yako, mtambo unaijaribu, unakuambia "Sawa" au "Si sawa". Tulijiona mabingwa.

Halafu likatokea la zoezi la 7, tunaloliita "Konda". Abiria anatoa noti, nauli inajulikana, programu inatakiwa kurudisha chenji kwa noti na sarafu chache iwezekanavyo. Abiria akitoa 500 na nauli ni 80, chenji ni 420: noti mbili za 200 na sarafu moja ya 20. Njia tuliyoitarajia ni ile kila konda anayoijua: chukua pesa kubwa inayotosha, kisha inayofuata, mpaka chenji iishe.

Msichana mmoja anayejifunzia kwa simu ya dada yake alituma jibu. Mtambo ukasema "Si sawa". Akajaribu tena. "Si sawa". Mara nne. Baada ya hapo kimya.

Wiki mbili baadaye nilikaa kuyasoma majibu yaliyokataliwa, kwa udadisi tu. Nikafika kwa lake. Mwanzoni nilidhani amekosea orodha ya sarafu, kwa kuwa alikuwa ameweka sarafu ya shilingi 40. Kisha nikakumbuka: sarafu hiyo ipo! Ilitolewa mwaka 2003, Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. Wengi wetu hatuioni mkononi siku hizi, lakini ni pesa ya Kenya, na swali letu lilisema "noti na sarafu za Kenya".

Sasa angalia. Abiria ametoa 100, nauli ni 20, chenji ni 80. Jibu letu lilikuwa noti ya 50, sarafu ya 20 na ya 10. Vipande vitatu. Jibu lake lilikuwa sarafu mbili za 40. Vipande viwili! Tulimwomba vipande vichache iwezekanavyo, akatupa vichache kuliko sisi, nasi tukamwambia amekosea.

Na si bahati nasibu. Alikuwa ameona kwamba ukiwa na sarafu ya 40, ile njia ya kuchukua kubwa kwanza haitoi jibu bora kila mara, kwa hiyo programu yake ilikuwa inalinganisha njia mbalimbali. Hilo ni somo ambalo mimi nilifundishwa darasani chuo kikuu. Yeye alilifikia peke yake, kwa simu ya kuazima.

Nilimwandikia kumwomba radhi. Alinijibu kwa sentensi moja: "Asante kaka, mimi nilishaamua mambo haya si ya watu kama sisi."

Sentensi hiyo imenikosesha usingizi. Mtambo wetu haukumkosesha alama tu. Nusura umwondoe kabisa, na wala tusingejua. Je, wangapi wengine wameondoka hivyo?

Wapo waliotutangulia tunaoweza kujifunza kwao. Project Euler ilianza mwaka 2001, na huko unapeleka namba ya mwisho tu; inafaa sana kwa mtu ambaye tayari anapenda kuumiza kichwa. Exercism, aliyoianzisha Katrina Owen mwaka 2013, ilichukua njia nyingine: majaribio ya mtambo yapo, lakini mwanafunzi anaweza pia kuomba mtu wa kujitolea aisome programu yake na kumpa maoni. Kwa anayeanza, mimi naona njia hii ya pili ndiyo yenye faida.

Mwenzangu mmoja anasema, mbona tusiwaachie akili bandia kazi ya kusoma? Mimi huitumia kazini kila siku, siikatai. Lakini mwanagenzi akikwama hupewa jibu zima kabla hajahangaika nalo, na kuhangaika ndiko kujifunza kwenyewe. Tena hapa aliyekosea tulikuwa sisi watungaji. Anayesoma majibu hujua pia swali lake lina kasoro gani. Tukimwachia mtambo, hatutajua.

Kwa hiyo nimependekeza haya. Tubaki na maswali 12 tu. Asitunge mtu swali jipya kabla hajasoma majibu 10. Kila jibu lipate angalau mstari mmoja ulioandikwa na binadamu ndani ya siku tatu. Tukishindwa, tusipokee wanafunzi wapya hadi tuwamalize waliopo.

Wanaonipinga wanasema tutasaidia wachache. Ni kweli. Tuko watano, kila mmoja akisoma majibu 20 kwa wiki, ni majibu 100, basi. Lakini afadhali majibu 100 yaliyosomwa kuliko maelfu yaliyopigwa muhuri wa "Si sawa" na wenye nayo wakaondoka. Haba na haba hujaza kibaba.

Zoezi la "Konda" tumelirekebisha, na sarafu ya 40 imo. Yule dada amefika zoezi la 11.

Nawe ukitaka kujipima, jaribu hili. Una noti ya 50 na sarafu za 1, 5, 10, 20 na 40. Mbali na 80, ni chenji zipi nyingine chini ya 100 ambapo njia ya kuchukua kubwa kwanza haitoi vipande vichache zaidi? Nitumie jibu. Nitalisoma mwenyewe.