Mshahara wa Mtu Mmoja

Mtu akioa, hesabu ya chakula chake hubadilika siku ile ile. Lakini katika Kenya ya zamani ilikuwako hesabu moja isiyobadilika, nayo ni ya mshahara. Mshahara wa chini kabisa wa mjini ulipimwa kwa haja za mwanamume mmoja: posho yake, nguo zake, kuni zake na kodi ya mahali pa kulala. Mke na watoto hawakuhesabiwa, kwa kuwa ilidhaniwa ya kuwa shamba la nyumbani litawalisha.

Nyumba nazo zilifuata hesabu hiyo. Mjini Nairobi vilijengwa vyumba vya wanaume wa peke yao, wakalala wengi pamoja. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa na nyumba za watu wenye jamaa, lakini hazikutosha. Basi mwenye mke aliishi kama kapera, akaenda kwao siku za livu kama mgeni. Huko mama alilima, akateka maji, akauguza wagonjwa. Na mtoto alimjua baba yake kwa barua na kwa shilingi chache zilizokuja kwa posta. Ilisemwa ya kuwa watu wa mjini wamesahau kwao. Wako waliosahau kweli, lakini wengi walizuiwa na mshahara.

Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter iliona ya kuwa karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika kampuni, na karibu robo ya wale wa Serikali, hawakupata fedha za kutosha mahitaji yao ya lazima. Ikashauri mshahara wa chini wa mtu mzima ufikishwe, kidogo kidogo, mara mbili na nusu ya ule wa mtu mmoja, ili aweze kukaa na mke na watoto.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe nyumba ifaayo au fedha za kodi. Mama aliyejifungua hupewa livu ya miezi mitatu kwa mshahara, na baba majuma mawili. Ni jambo jema. Lakini fundi wa jua kali na mama muuza mboga hawana mwajiri wa kuwapa livu. Mama huyo hurudi sokoni kabla hajapata nguvu.

Kwa hiyo apangaye mishahara asidhani ya kuwa apanga fedha tu. Apanga pia ni mtoto yupi atakayekula pamoja na baba yake. Kabla ya kushika kalamu, na aulize kwanza: nyumbani mko wangapi?